Hukumu ya ubaba ikitenguliwa, hazina ya umma inapoteza nini hasa?

Swali la msomaji: Ninaishi California. Nimesoma kwamba mwaka 2002 gavana wa wakati huo alikataa kutia saini sheria ya kuwaondolea hukumu za matunzo wanaume ambao DNA imeonyesha si baba wa mtoto, kwa hoja kwamba jimbo lingepoteza mamilioni ya dola. Miaka miwili baadaye sheria inayofanana nayo ikapita. Je, umma unapata hasara kubwa hukumu hizi zikitenguliwa, au ni kisingizio? Na mtu aliyekutwa na hukumu kama hiyo leo aanzie wapi?

Jibu:

Hasara ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotajwa majukwaani, na ukubwa wake hauamuliwi sana na idadi ya wanaume watakaoshinda. Unaamuliwa na mambo matatu yaliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe: ombi lipelekwe kabla ya muda gani, fedha zilizokwisha kulipwa zirudishwe au zisirudishwe, na deni la nyuma lifutwe au libaki. Bunge likiyapanga vizuri hayo matatu, kinachobaki ni gharama ya kawaida ya kuendesha mahakama. Likiyapanga ovyo, hata maombi machache yanaweza kuiumiza bajeti ya kaunti.

Kwanza tuone fedha zinavyotembea, maana bila hapo hoja ya gavana haieleweki. Tangu 1975 Marekani ina mpango wa kitaifa wa kukusanya matunzo ya watoto, unaoitwa IV-D kwa jina la sehemu ya sheria iliyouanzisha. Majimbo huuendesha, lakini serikali kuu hubeba mzigo mkubwa: kwa kila dola ambayo jimbo linatumia katika kazi hiyo, serikali kuu hurudisha senti 66. Juu yake kuna malipo ya motisha yanayopimwa kwa vigezo vitano, na cha kwanza kati ya hivyo ni kiwango cha watoto waliothibitishiwa baba.

Mama anayepokea msaada wa fedha taslimu wa serikali, TANF, ambao California huitwa CalWORKs, hulazimika kuikabidhi serikali haki yake ya kudai matunzo. Baba akilipa, fedha haziendi zote kwa mtoto. Tangu Januari 2022 California humpitishia mama hadi dola 100 kwa mwezi kwa mtoto mmoja na 200 kwa watoto wawili au zaidi. Kinachozidi hubaki serikalini kufidia msaada, na jimbo hugawana na serikali kuu. Ndiyo maana katika kesi nyingi za aina hii anayedai mahakamani ni kaunti, wala si mama. Serikali inatetea hukumu yake na wakati huohuo inatetea mapato yake. Mtu akishangaa kwa nini wanasheria wa kaunti walipigania hukumu ambazo DNA ilikuwa imezikana, jibu lake liko hapo.

Sasa zile milioni. Gavana Gray Davis alipoukataa muswada wa AB 2240 mwaka 2002, alitaja hatari ya kupoteza fedha za serikali kuu zipatazo dola milioni 40. Ukiipima, namba hiyo ina mantiki. Ruzuku ya TANF ya California ni takriban dola bilioni 3.7 kwa mwaka. Jimbo likishindwa kufikia kiwango cha kuthibitisha ubaba kinachotakiwa, ruzuku hiyo hukatwa asilimia 1 hadi 2 kwa mara ya kwanza, 2 hadi 3 kwa mara ya pili, kisha 3 hadi 5. Asilimia 1 ya bilioni 3.7 ni milioni 37. Yaani kiasi kilichotajwa kinakaribiana na adhabu ya daraja la chini kabisa. Hakikuwa hesabu ya matunzo ambayo watoto wangekosa, ingawa kwenye mjadala wa hadhara wengi walikichukua hivyo.

Je, adhabu hiyo ingekuja kweli? Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 90. Hupatikana kwa kuchukua watoto waliozaliwa nje ya ndoa ambao mafaili yao yako kwenye idara ya matunzo na baba zao wamethibitishwa, kisha kuwagawanya kwa watoto wa aina hiyo waliokuwa kwenye mafaili mwaka uliotangulia. Chukua jimbo la mfano lenye watoto 500,000 wa namna hiyo, 475,000 kati yao wakiwa wamethibitishiwa baba. Hiyo ni asilimia 95. Ili kiwango kishuke chini ya 90 itabidi zitenguliwe hukumu zinazozidi 25,000, tena kabla hajapatikana baba halisi wa hata mtoto mmoja katika hao. Hukumu mia tano zikitenguliwa, kiwango kinateremka kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia. Vilevile sheria inaruhusu jimbo kutumia hesabu ya pili, ya watoto wote jimboni na si wa idara peke yake, ambayo huangalia ubaba uliothibitishwa ndani ya mwaka husika. Hukumu ya miaka kumi iliyopita ikitenguliwa, haigusi sana hesabu hiyo.

Hatari iliyostahili kuogopwa ilikuwa nyingine, nayo haikutajwa kwa sauti kubwa. Sheria ya serikali kuu ya 1996 inalitaka kila jimbo liwe na utaratibu wa tamko la hiari la ubaba, lile ambalo wazazi hulisaini hospitalini mtoto anapozaliwa. Aliyesaini ana siku 60 za kulifuta. Zikipita, tamko lina nguvu ya hukumu, na linaweza kupingwa mahakamani kwa sababu tatu tu: udanganyifu, kulazimishwa, au kosa la msingi kuhusu ukweli wa jambo. Jimbo likipitisha sheria inayoruhusu tamko lifutwe wakati wowote kwa kuleta tu karatasi ya maabara, mpango wake wote wa IV-D unaweza kuhesabiwa kuwa hautimizi masharti. Hapo kinachotetereka si asilimia 1 ya ruzuku, ni zile senti 66 katika kila dola. Kwa jimbo linalotumia takriban dola bilioni moja kwa mwaka kuendesha kazi hii, hilo ni jambo la kumkosesha usingizi waziri wa fedha. Dawa yake, hata hivyo, ni uandishi makini wa vifungu. Kuukataa muswada mzima hakukuwa lazima, na sheria iliyofuata ilithibitisha hivyo.

Kuna pia marekebisho ya sheria ya serikali kuu yaliyopitishwa 1986, yanayoitwa kwa jina la Seneta Bill Bradley wa New Jersey. Kila awamu ya matunzo ambayo haikulipwa hugeuka kuwa hukumu siku ileile inapopita, na hakimu haruhusiwi kuipunguza kwa kurudi nyuma zaidi ya siku ambayo ombi la kubadilisha kiwango lilifahamishwa kwa upande wa pili. Wapinzani wa utenguzi waliliegemea hili. Lakini kupunguza deni ni jambo moja, na kutengua hukumu ya ubaba iliyolizaa deni ni jambo jingine. Mahakama nyingi zimetofautisha mawili hayo.

Tuje kwenye deni lenyewe, maana hapo ndipo hesabu za hasara huvimba. Machi 2000 malimbikizo ya matunzo California yalikuwa dola bilioni 14.4. Uchunguzi wa taasisi ya utafiti ya Urban Institute uliochapishwa 2003 kwa ajili ya jimbo ulikadiria kwamba katika miaka kumi ingekusanywa karibu robo tu ya kiasi hicho. Zaidi ya robo ya deni lote ilikuwa riba. California hutoza asilimia 10 kwa mwaka kwenye matunzo yasiyolipwa, na mkopaji yeyote anajua asilimia 10 kila mwaka inavyokula.

Chukua mtu mmoja wa mfano. Amepangiwa dola 400 kwa mwezi na hajalipa chochote kwa miaka kumi. Deni la msingi ni 48,000. Riba isiyojirudia ya asilimia 10, ukiihesabu kwa kila awamu tangu siku ilipopaswa kulipwa, inafika karibu 24,000. Vitabuni anadaiwa takriban 72,000. Mwanasiasa akisema hukumu hiyo ikitenguliwa umma unapoteza dola 72,000, anasoma daftari. Kwa makadirio ya robo, kinachotarajiwa kuingia ni 18,000 katika miaka kumi ijayo. Kama deni lote ni la kufidia msaada ambao mama bado anaupokea, California hugawana makusanyo na serikali kuu nusu kwa nusu, hivyo fungu la jimbo ni 9,000, sawa na 900 kwa mwaka. Na hapo bado hujatoa gharama ya kumfuatilia: kukata mshahara, kufungia leseni ya udereva, kumwita mahakamani. Wanaume elfu moja wa namna hiyo wakifutiwa, jimbo linapungukiwa na kama dola 900,000 kwa mwaka. Huu ni mfano wa hesabu, si takwimu ya jimbo, lakini unaonyesha umbali uliopo kati ya deni la kwenye karatasi na fedha zinazoingia.

Gharama ambazo ni za kweli zimejificha kwingine.

Ya kwanza na nzito kuliko zote ni kurudisha fedha zilizokwisha kulipwa. Fedha hizo zilishagawanywa. Sehemu ilikwenda kwa mama na ikaliwa. Sehemu ilifidia msaada. Sehemu ilikwenda Washington. Kaunti ikiamriwa kumrudishia mtu dola 30,000, haiwezi kumdai mama anayeishi kwa msaada, kwa hiyo inalipa kutoka mfuko wake. Kila jimbo lililopitisha sheria ya namna hii kwa uangalifu lilifunga mlango huo. Ni uonevu kwa aliyelipa? Ndiyo, na sioni namna ya kulipamba. Lakini kifungu hicho kimoja ndicho kinachogawa sheria inayotekelezeka na ile itakayokufa kwenye kamati ya bajeti.

Ya pili ni pengo la miaka. Hukumu ya mtu wa kwanza ikiondoka, idara humtafuta baba wa kibaiolojia na kufungua shauri jipya. California haimdai huyo matunzo ya miaka kumi iliyopita: amri huanzia siku shauri lilipofunguliwa, na kama hakupelekewa wito ndani ya siku 90, wala hakuwa anakwepa kwa makusudi, inaweza kuanzia siku alipoupokea. Miaka ya katikati haina mlipaji. Mtoto mwenye miaka 12 ambaye baba yake halisi anapatikana leo ana miaka sita tu ya kulipiwa. Na wakati mwingine haonekani kabisa, kwa sababu mama hakumbuki jina lake kamili, au amehama nchi, au amefariki.

Ya tatu ni bima ya afya. Amri nyingi za matunzo humtaka baba amwingize mtoto kwenye bima ya mwajiri. Ubaba ukiondolewa, bima hiyo inakatika, na mtoto wa familia yenye kipato kidogo huangukia Medi-Cal, bima ya afya ya serikali, yaani kwenye kodi za wananchi. Pamoja na bima huondoka haki ya kurithi na mafao ya Hifadhi ya Jamii ambayo mtoto hupata mzazi wake akifa au akilemaa. Kwenye makadirio ya gharama ya miswada, mstari huu mara nyingi haupo, kwa sababu bajeti yake iko wizara nyingine.

Muda wa mahakama na kipimo chenyewe ni gharama ndogo. Kipimo cha mate kwa mama, mtoto na mwanaume hugharimu makumi ya dola kwa kila mtu idara inapokuwa na mkataba na maabara. Hadi Septemba 2006 serikali kuu ilikuwa inarudisha asilimia 90 ya gharama ya maabara. Tangu Oktoba mwaka huo imeshuka hadi 66. Hata kwa 66, jimbo linabaki na theluthi ya kitu ambacho ni rahisi tangu mwanzo.

Kabla ya kuendelea, tahadhari kuhusu idadi. Utasikia kwamba wanaume 3 kati ya 10 wanalea watoto wasio wao. Namba hiyo inatokana na ripoti za maabara: katika vipimo vinavyofanywa, karibu asilimia 30 humwondoa mwanaume aliyetajwa. Ila wanaopima ni wale ambao tayari wana shaka au wanabishaniwa. Kwa wanaume wasio na shaka, tafiti zimekuwa zikipata asilimia chache tu, kwa kawaida chini ya 4. Anayetumia 30 kukadiria mafuriko ya maombi atapata gharama ya kutisha isiyo na msingi, na anayeitumia kudai kuna janga la taifa anakosea vilevile.

Majimbo yamejaribu njia tofauti. Maryland, kwa uamuzi wa mahakama yake ya juu wa mwaka 2000, ilifungua mlango mpana: mwanaume aliweza kuomba kipimo na kutengua hukumu ya ubaba bila hakimu kupima kwanza kama ni kwa manufaa ya mtoto. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya Massachusetts ilienda upande wa pili, ikamkatalia mwanaume aliyekuwa amesaini kwa hiari na kukaa zaidi ya miaka mitano akiitwa baba. Florida kwa sheria ya 2006 ilichagua njia ya katikati inayolinda bajeti: mwombaji alete ushahidi mpya na kipimo kilichofanywa si zaidi ya siku 90 kabla ya kufungua ombi, asiwe na malimbikizo isipokuwa ana sababu ya haki, na akishinda anaondolewa matunzo ya mbele tu. Texas ya 2011 nayo ilisitisha wajibu kwa miaka ijayo na kuacha deni la nyuma likiwa palepale. Kwa hazina, mifano ya Florida na Texas ndiyo nafuu zaidi. Kwa haki ina kasoro: mtu asiye baba, ambaye huenda hakuwahi kupokea wito, anabaki na deni linaloendelea kuzaa riba.

California ilifika kwenye sheria yake kwa kusukumwa na mahakama. Juni 2004 Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi katika shauri la Kaunti ya Los Angeles dhidi ya mwanaume aliyepewa hukumu ya upande mmoja mwaka 1996 na baadaye DNA ikaonyesha si baba. Kaunti ilitetea hukumu kwa hoja kwamba muda wa miezi sita wa kuipinga ulikuwa umepita zamani. Majaji walikataa: serikali inayojua mtu hadaiwi haina masilahi halali ya kuendelea kumtoza. Miezi mitatu baadaye Gavana Arnold Schwarzenegger alitia saini AB 252, ikaanza kazi Januari 1, 2005.

Angalia ilivyojengwa, maana kila kifungu kinajibu gharama mojawapo niliyoitaja. Muda ni miaka miwili tangu mwanaume alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba kuna hukumu inayomtaja baba. Hivyo mafaili ya zamani hayabaki wazi milele. Kipimo ni cha maabara iliyoidhinishwa. Hakimu anaweza kukataa hata DNA ikimwondoa mwombaji, akiangalia umri wa mtoto, muda uliopita tangu hukumu, uhusiano wao ulivyo, na kama mwombaji mwenyewe amechangia baba halisi asipatikane; hapo ndipo bima na mafao ya mtoto hulindwa. Akikubaliwa, amri ya matunzo na malimbikizo yake hufutwa, tofauti na Florida. Lakini alicholipa hakirudi. Jimbo linafuta karatasi ambayo robo yake tu ingekuwa fedha, na halitoi dola mfukoni.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, mjadala wa utenguzi unaangalia mwisho wa bomba wakati maji yanavuja mwanzoni. Hukumu hizi zilizalishwa na utaratibu wenyewe. Miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya amri za California zilitolewa bila mdaiwa kufika. Wito ulipelekwa kwenye anwani ya zamani, ukaachwa kwa mtu mwingine wa nyumba hiyo, au mdaiwa aliupokea akaona jina halijaandikwa sawasawa na kudhani haumhusu. Zikipita siku 30 bila jibu, hukumu inayopendekezwa kwenye madai yenyewe inakuwa hukumu kamili. Kama kipato hakijulikani, kinakisiwa, kwa miaka mingi kwa kudhani mtu anafanya kazi saa 40 kwa wiki kwa mshahara wa kima cha chini, hata awe hana kazi au yuko gerezani. Serikali inapata alama ya ubaba uliothibitishwa na amri iliyotolewa, vigezo viwili vya motisha kwa mpigo mmoja, na deni lisilokusanyika linaanza kukua. Kipimo cha makumi ya dola kabla ya hukumu kingeokoa miaka ya kumfuatilia asiyehusika, na kumwacha baba halisi bila kisingizio mtoto akiwa bado na miaka 17 ya kulipiwa.

Msomaji aliyezoea Tanzania au Kenya ataona tofauti. Huko madai ya matunzo kwa kawaida ni kati ya mama na baba, kupitia ustawi wa jamii au mahakama. Hakuna msaada wa kila mwezi kama TANF ambao serikali inadai urudishwe, kwa hiyo ubaba ukikanushwa na kipimo cha Mkemia Mkuu wa Serikali, anayebaki na mzigo ni mama na ukoo wake, na suala la hasara ya hazina halina uzito uleule.

Sasa wewe uliyeko California, au ndugu yako.

Kama wito ndiyo kwanza umefika, jibu ndani ya siku 30 kwa fomu FL-610 na uombe kipimo cha vinasaba kabla ya hukumu. Idara ikiagiza kipimo, huanza kulipa yenyewe na hukudai tu ukionekana ndiye baba. Kila mahakama ya kaunti ina msaidizi wa sheria za familia anayesaidia bure kujaza fomu. Si wakili wako, lakini kwa hatua hii anatosha. Usisaini makubaliano yanayokutaja baba ili upunguziwe kiwango. Makubaliano hayo ni hukumu, na ndiyo mtego unaonasa hata watu makini.

Kama hukumu ipo tayari, omba faili zima kwa karani wa mahakama. Karatasi ya kusoma kwanza ni uthibitisho wa kupelekewa wito: tarehe, anwani, na nani aliupokea. Ilinganishe na ulikokuwa. Mkataba wa nyumba, hati za mshahara, na kwa wahamiaji mihuri ya pasipoti inayoonyesha ulikuwa nje ya Marekani siku hiyo, ni ushahidi mzito kwamba hukupewa wito, na hiyo ni njia nyingine ya kutengua hukumu, hata bila DNA.

Ombi la kutengua hukumu ya ubaba huandikwa kwa fomu FL-272 pamoja na tamko la FL-273. Kosa linaloua maombi mengi ni kuhesabu ile miaka miwili kuanzia siku majibu ya DNA yalipotoka. Saa inaanza kugonga siku ulipojua kuna hukumu, na makato ya kwanza kwenye mshahara yanaweza kutosha kuthibitisha kwamba ulijua. Usisubiri kupima kwanza. Kipimo cha kununua dukani hakitakusaidia kitu mbele ya hakimu, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha mate yale ni ya nani. Mahakama itaagiza chake.

Njia hii haimhusu kila mtu. Aliyesaini tamko hospitalini ana siku 60 za kulifuta kwa fomu, kisha njia nyembamba ya mahakama. Aliyekuwa mume wa mama na wakaishi pamoja ana kanuni yake, ile inayomhesabu mume kuwa baba, na kwake kipimo huombwa kabla mtoto hajafikisha miaka miwili. Na ambaye kipato chake kilikisiwa anaweza kupeleka FL-640 ndani ya mwaka mmoja tangu fedha za kwanza zilipokusanywa, hata kama DNA itasema ni baba.

Siku hiyohiyo unapofungua ombi la kutengua, fungua na ombi la kupunguza kiwango, kwa sababu punguzo halirudi nyuma ya ombi. Wala usiache kulipa wakati shauri linasubiri. Ukikataliwa utadaiwa pamoja na riba. Malimbikizo yakizidi dola 2,500, raia hunyimwa pasipoti. Na kwa anayeomba uraia, kushindwa kwa makusudi kuwatunza wategemezi huhesabiwa dhidi ya tabia njema inayotakiwa. Ukishinda, ulicholipa katika miezi ya kusubiri hakitarudi. Kwa hiyo unapotoka kwa karani hakikisha una nakala yenye muhuri wa tarehe, na wapelekee idara ya matunzo na mama nakala zao wiki hiyohiyo kwa mkono wa mtu mzima asiyehusika na kesi, atakayejaza na kurudisha mahakamani fomu ya uthibitisho.